Ndoo ya Makoro

Tulipokuwa tukiondoa vitu katika nyumba ya mama, wiki mbili baada ya kumzika, mdogo wangu Emma alitoka stoo ameshika ndoo ya plastiki iliyopauka, akaniuliza kama aitupe. Ndani mlikuwa na mawe meusi yenye vitundu vitundu, yale mawe ya volkano ambayo kwetu Gisenyi, mpakani na Goma, huitwa makoro na yamejaa kila mahali, kwenye kuta za uani, barabarani, hata mashambani katikati ya maharage. Kitako cha ndoo kilikuwa na matundu saba. Nilimwambia aiweke chini. Nikachota maji nikayamimina juu ya mawe, harufu ikapanda: mvua, moshi wa zamani, na ziwa. Nikaketi palepale sakafuni nikalia, mimi niliyejikaza mazishi yote hata watu wakanisema nina moyo mgumu. Emma alidhani nalilia ndoo. Sikumsahihisha, maana hakuwa amekosea sana.

Ninyi wa rika langu, mliorudi kutoka uhamishoni na wazazi wenu mkibeba masanduku ya bati na lugha za mlikotoka, mtanielewa upesi. Sisi tulitoka Mwanza. Nilikuwa na miaka tisa, na nchi niliyosimuliwa kila jioni niliikuta imejaa mambo ambayo hakuna aliyenionya. Hakuna aliyeniambia kwamba milima ya kwetu ina moto tumboni. Kuna jioni anga la upande wa Goma lilikuwa jekundu, nami nikauliza ni nyumba ya nani inaungua, watu wakacheka. Baba akanieleza kwamba mawe yote meusi niliyokuwa nikijikwaa nayo yalitoka huko juu yakiwa yanatiririka kama uji. Tangu siku hiyo nilikuwa nayaruka mawe. Niliamini kwamba moto haukuwa umetoka, ulikuwa umelala tu ndani ya vile vitundu, na kwamba ukikalia koro muda mrefu utaungua makalio.

Baba alikuwa fundi wa friji. Kinyozi hajinyoi, na nyumbani kwetu hapakuwa na friji. Siku moja alirudi kutoka kwenye baa moja ya ufukweni iliyokuwa ikifungwa, yeye na mtu mwingine wamebeba tangi la kioo, refu kama benchi la shule. Mwenye baa alikuwa amempa kama shukrani. Mama alilizunguka mara mbili akinyoosha mikono mbinguni.

"Mungu amenisikia," alisema. "Kabati la maandazi!"

Mama alikuwa akiuza maandazi mbele ya nyumba, kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, na vumbi jeusi la barabara ile lilikuwa halijui kitambaa. Kabati la kioo lilikuwa ndoto yake. Lakini baba alikuwa na ndoto nyingine. Alikuwa amekwisha kuita kioo kile akwariamu.

"Mke wangu, hii si ya maandazi. Hii ni ya samaki hai. Mtoto aone ziwa ndani ya nyumba."

"Ziwa liko pale chini, Baba Tesi. Atembee tu."

Alishindwa mama, kama alivyokuwa akishindwa mara nyingi, bila kelele. Niseme na jambo jingine juu ya mama wa siku zile, kwa kuwa linanichoma. Jioni alikuwa akitupakulia chakula, mimi, Emma na baba, kisha anakaa pembeni na mikono yake magotini. Tukimwuliza, anasema, "Mimi nimeshakula jikoni." Kila siku. Nami nilikuwa namwonea wivu. Niliamini kwamba huko jikoni anajichagulia maandazi yaliyokauka vizuri pembeni, na kwamba kuna nyama ambayo sisi hatuijui. Siku moja nilinyata nikafunua sufuria. Ilikuwa tupu, imekombwa mpaka inang'aa. Nikasema moyoni: kumbe mama ni mlafi hivi!

Ubishi wa kuchuja maji ulianza hata kabla samaki hawajaja. Aliyekuwa akiwapatia watu wote walichohitaji alikuwa jirani yetu Mama Furaha, ambaye nusu ya ukoo wake uko Goma na nusu uko kwetu. Kila asubuhi alikuwa akivuka mpaka na karoti na dagaa wa Kivu, jioni anarudi na sabuni na vitenge kabla mpaka haujafungwa. Baba alimwambia kwamba amesikia sokoni Goma kunauzwa mashine ya kuchuja maji ya samaki, iliyoachwa na mzungu aliyerudi kwao.

"Samaki anakula humo na kujisaidia humo," baba alieleza, kwa sauti yake ya ufundi. "Bila kuchuja, siku tano, wamekufa."

Nikauliza kwa nini tusitumie chujio la chai la mama. Walicheka wote isipokuwa Mama Furaha.

"Ile yenye inaua samaki haionekanake, mutoto," aliniambia. "Maji inaweza kuwa safi kama machozi na banakufa tu. Chujio ya chai itakamata nini?" Kisha akamgeukia baba. "Baba Tesi, mashini iko muzuri, mi sikatae. Lakini courant, umeme yetu, unaijua. Inakuya saa moja, inaenda siku mbili. Tia makoro kwa ndoo, toboa chini, maji ipite pole pole. Mama yangu kule Busasamana, maji yake yote ya mvua inapita kwa makoro."

Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Furaha, mimi fundi wa umeme nirudi kuchuja maji kwa mawe?"

Kwa hiyo mashine ikaja, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa sanduku la kijivu, kubwa kidogo kuliko mkate, na ndani yake mna sifongo na mkaa mweusi. Bomba lake lilivuta maji kutoka chini ya tangi na mdomo wake ukayamwaga juu kama maporomoko madogo. Nyumba yetu ilikuwa na tundu moja tu la umeme linalofanya kazi, chumbani kwa wazazi, kwa hiyo baba alipitisha waya chini ya mlango mpaka sebuleni. Radio nayo ilikuwa huko huko chumbani, kwenye plagi ya njia mbili ya tundu lilelile, na haikuzimwa kamwe. Ndivyo tulivyojua umeme umerudi: nyumba nzima kimya, mara mtu anaanza kusoma habari.

Samaki walikuwa saba, wadogo kama kidole changu cha shahada, Mama Furaha aliwanunua kwa watoto wa wavuvi wakiwa wanapiga mkia ndani ya kidumu. Wawili walikuwa na mng'ao wa buluu ubavuni, watano rangi ya majivu. Nawaambia kweli, nilishindwa kula siku hiyo. Mpaka wakati ule nilikuwa nimemwona samaki kwa juu tu, akikimbia, au kwenye sahani. Sikuwa nimewahi kumtazama samaki usoni, naye akanitazama. Aliogelea mpaka kwenye kioo, akasimama mbele ya pua yangu, mapezi yakipepea bila kwenda popote, na jicho lake lilizunguka likanikagua. Nilihisi nimefahamika. Hata mama alisahau maandazi akasimama nyuma yetu, na baba, aliyekuwa akijifanya anakaza skrubu, alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

Wiki mbili mashine ilinguruma kama paka aliyeshiba. Kisha umeme ukaenda, siku mbili kamili, kama alivyosema Mama Furaha. Siku ya tatu asubuhi radio ikaanza kuimba kwaya, sote tukashangilia, na mashine ikatapika. Sijui neno jingine. Maji yaliyolala ndani yake yalikuwa yameoza, yakamwagika yote ndani ya tangi, meusi, yananuka kama mayai mabovu. Kabla ya adhuhuri samaki sita walikuwa wanaelea ubavu. Mmoja alibaki, jike wa rangi ya majivu, amejibanza pembeni anahema.

Baba alichomoa mashine, akaikausha, akaiweka juu ya kabati. Ni mama aliyezungumza.

"Nampa huyu mmoja nafasi yake, kwa sababu ya Tesi. Akifa, Baba Tesi, usiniletee tena habari ya samaki. Kioo changu nakitaka."

Jioni ile baba alipasha msumari kwenye jiko la mkaa akatoboa ndoo matundu saba. "Mawe," alinong'ona kila tundu. "Ufundi wote huu, mawe." Mimi nilitumwa nikaokote makoro. Nilichagua mazuri, nikayasugua kwa sabuni na majivu kama tulivyofundishwa kusugua sufuria, kila kitundu kwa kijiti, mpaka yakawa meusi ya kung'aa. Nilimwonyesha Mama Furaha kwa majivuno. Yeye akayamwaga yote uani.

"Aa, non! Umeua kazi yote. Na hii sabuni itamumalizia huyu mwenye amebakia."

Kesho yake alikuja na mawe ya mama yake kutoka Busasamana, kule ambako mvua ikinyesha ardhi ya mawe huimeza mara moja, na watu huyatunza maji ya paa ndani ya mapipa kama dhahabu. Mawe yale aliyafunga kwa kitambaa kibichi njia nzima ili yasikauke. Yalikuwa na utelezi wa kahawia. Mama alishika mdomo.

"Mama Furaha, uchafu huo ndani ya nyumba yangu?"

"Ile uchafu njo mufanyakazi," alijibu. "Usiioshe hata siku moja. Iko hai."

Leo najua alimaanisha nini. Ndani ya vitundu vile huishi vijidudu visivyoonekana, maelfu kwa maelfu, vinavyokula sumu ya samaki na kuacha maji yasiyodhuru, na sabuni au ukavu huviua vyote. Hata sasa nikifikiria hilo nywele hunisimama: jiwe lililotoka motoni kuwa nyumba ya uhai. Lakini mtoto wa miaka tisa akiambiwa jiwe la volkano liko hai, anasikia jambo moja tu. Moto haujalala.

Kazi yangu ikawa kuchota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina ndani ya ndoo iliyokaa juu ya tangi, kwenye mbao mbili. Vikombe arobaini asubuhi, arobaini nikitoka shule, arobaini jioni. Maji yalipita katikati ya mawe yakarudi tone kwa tone, na sauti yake ilijaza nyumba. Siku baada ya siku maji yalizidi kung'aa, mpaka ungesema samaki ananing'inia hewani. Baba alikuwa akipita anatazama kwa pembe ya jicho, anakohoa.

Lakini samaki hakula. Tangu siku mawe yalipowekwa hakugusa kitu. Nilimpa chenga za maandazi, nikampa viluwiluwi vya mbu nilivyovua kwenye pipa la jirani, nikampa mayai ya sisimizi. Alikuwa akivisogelea, anavitazama, kisha anageuka. Mdomo ameufunga kabisa na kidevu kimevimba, kinachezacheza kama mtu anayetafuna kitu kisichokwisha. Alikonda mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili. Ningemwuliza Mama Furaha, lakini siku hizo mpaka ulikuwa umefungwa naye alikwama Goma kwa ndugu zake. Mama alimtazama samaki, akatazama kioo. Nilijua anapima urefu wa kabati lake.

Mimi nilikuwa nimekwisha kupata jibu. Mawe yanampika. Moto wa mlima unashuka tone kwa tone, na yule maskini anaungua kwa ndani, kinywa kimevimba kwa malengelenge. Nilitia kidole kwenye maji, nikaapa kwamba ni ya uvuguvugu.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa Kanama kutengeneza friji ya duka moja, mama yuko jikoni nyuma anakanda unga, Emma yuko mgongoni kwake. Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Nilipanda kiti nikaishusha mashine. Niliiosha vizuri, sifongo na kila kitu, kwa kuwa nilijiambia kwamba kosa lake lilikuwa kulala na maji mabovu tu. Nikaishusha ndoo. Nikaitundika mashine mahali pake, nikavuta waya chini ya mlango, nikachomeka ukutani chumbani kwa wazazi. Kisha nikarudi, nikapiga magoti mbele ya kioo kungoja radio iseme. Nilimwambia samaki avumilie kidogo, msaada unakuja.

Alikuwa amesimama karibu na bomba la mashine. Nilimwona akitetemeka. Kidevu kikashuka, mdomo ukafunguka polepole, mpana kuliko nilivyowahi kuuona, nikadhani anakata roho. Kitu kidogo kikatoka. Kilikuwa na macho. Kikafuata kingine, na kingine, kisha kundi zima likamwagika kama chembe za mchele: samaki kamili, kila mmoja na mapezi yake na macho mawili meusi, wanaelea mbele ya uso wa mama yao wakimtazama.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilijisogeza karibu zaidi, kivuli changu kikawaangukia, na ghafla wote wakamkimbilia. Naye akafungua mdomo akawameza.

"Mama!" nilipiga yowe. "Mama, anawala! Anakula watoto wake!"

Mama alikuja mbio, unga mpaka viwikoni, Emma anarukaruka mgongoni. Alitazama tangi, akanitazama, akanishika bega akanirudisha nyuma.

"Tulia. Usisogee. Reba, tazama tu."

Tukatulia. Baada ya muda samaki alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mdomo tena. Wakatoka wote, mmoja mmoja, wazima.

"Mana we, Mungu wangu," mama alinong'ona. "Alikuwa amewaficha."

Wadogo wale walianza kutawanyika. Watatu wanne walikuwa wamefika kwenye bomba la mashine, wanachezea matundu yake, matundu mapana kuwazidi wao. Mama aliona wakati mmoja na mimi.

"Tesi. Hii mashine imechomekwa?"

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka mlango wa chumba cha wazazi, waya sakafuni, na mikono yangu yenye maji ikivuta, kitu ambacho nilikatazwa kuliko vyote duniani. Waya ulitoka nikaanguka nao chini. Nilikuwa bado nimeketi sakafuni nimeukumbatia waya, radio iliponguruma juu ya kichwa changu, mwanamume anasoma habari kwa sauti kubwa. Umeme umerudi.

Nilirudi sebuleni. Mashine ilikuwa kimya. Mama alikuwa amepiga magoti mahali pangu, pua yake kwenye kioo, unga wa vidole vyake umechora alama nyeupe pale alipokishika.

"Siku ngapi hajala?" aliniuliza bila kugeuka.

"Kumi na nane."

"Na angekula vipi," alisema taratibu, "kinywa kimejaa watoto?"

Aliirudisha ndoo ya mawe juu ya mbao kwa mikono yake mwenyewe, utelezi na yote. Kisha akasema kwamba maandazi yatakaa kwenye sinia, yamezoea. Baba aliporudi tuliwahesabu watoto wa samaki tukafika ishirini na saba, tukapotea, tukaanza tena. Tangu siku ile sikuogopa tena moto wa mlima.

Jioni hiyo mama alipakua maharage na viazi, sahani ya baba, ya Emma, yangu. Akakaa pembeni na mikono yake magotini.

"Na wewe?" baba aliuliza.

"Mimi nimeshakula jikoni."

Niliweka sahani yangu chini nikaenda jikoni. Nikafunua sufuria. Ilikuwa ileile ya siku zote, tupu, imekombwa mpaka inang'aa, na safari hii nilisimama nikaitazama mpaka nikaielewa. Nilichukua mfuniko wake, nikarudi nao, nikatia humo nusu ya chakula changu na kumsogezea.

"Tesi, nimekwambia nimeshiba."

Nilichota kijiko kimoja nikakiinua mpaka usoni pake.

"Fungua mdomo," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu, kama samaki yule alivyonitazama siku ya kwanza. Kisha akafungua.